Kihenge Juu ya Tipa

Babu yake baba yangu alibeba beseni la kuogea la Mzungu. Hiyo ndiyo fahari ya ukoo wetu, na nyumbani ilisimuliwa kwa kila mgeni aliyekaa kitako, atake asitake. Alilitoa pwani, beseni la bati, akalibeba kichwani katikati ya msafara wa wapagazi mpaka huku bara, na mvua ikinyesha wenzake wote wanalowa kasoro yeye, maana yuko chini ya beseni. Hapo msimulizi ananyamaza kidogo ili mgeni astaajabu. Mimi nikiwa mdogo niliuliza swali moja tu: yeye mwenyewe alikuwa anaoga wapi? Nikafinywa sikio.

Mwanawe, yaani babu yangu, akapanda cheo: akapata baiskeli. Alisafirisha ngozi za ng'ombe za matajiri wa mjini Shinyanga, rundo zima limefungwa nyuma, linanuka mpaka mbwa wanamsindikiza kijiji hadi kijiji. Nasema alikuwa na baiskeli, sisemi aliipanda. Kwa mzigo ule aliisukuma kwenda, akaisukuma na kurudi, kwa sababu wakati wa kurudi walimtwisha chumvi na mabati ya watu wengine. Baba naye akaja na mkokoteni wa maksai. Huyo alibeba pamba ya kijiji kizima, na majivuno alikuwa nayo! Alisimama juu ya mkokoteni na fimbo yake, kifua mbele, utadhani anaendesha treni.

Halafu nikaja mimi. Mimi ni dereva wa tipa, ni mwanamke, na utani wote unaotaka kunifanyia nimeshausikia, kwa hiyo usijisumbue. Nabeba mawe. Nayatoa kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo huku Geita, nayapeleka kwenye karasha yakasagwe. Ndani ya mawe kuna dhahabu, wanasema. Mimi dhahabu naiona kwenye masikio ya wake za watu. Nyuma ya tipa langu nimeandika USINIZOEE, na watu wananizoea hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukoo wetu umebeba kila kitu cha kila mtu. Vya kwetu wenyewe ndivyo vilitushinda. Kilichotushinda zaidi ni kihenge cha mama.

Kihenge, kwa asiyekijua, ni ghala la nafaka la kusukwa kwa fito, la mviringo, refu kupita mtu, linakandikwa udongo na samadi mpaka panya anakata tamaa. Kwetu tunakiweka ndani ya nyumba. Sababu ni kwamba jirani hapaswi kujua una chakula kiasi gani, na zaidi hapaswi kujua kama huna. Mwanamke anapokuwa na kihenge chake, anajulikana ana mji wake. Hata mume haingizi mkono mle bila kusema.

Wazazi wangu walipohama Tinde kwenda kutafuta mashamba Ushetu, mimi nilikuwa mtoto mdogo, nimekalishwa juu ya masufuria. Baba, bingwa wa mizigo, aliyekuwa anapanga marobota ya pamba ya watu mpaka yanagusa mawingu, alipakia kila kitu halafu akagundua kihenge hakina nafasi. Akamwambia mama, "Kesho nitakirudia." Akarudi baada ya mavuno. Akakuta jirani amekikata vipande, amezungushia mbuzi.

Mama hakuingoja hiyo kesho, wala hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alifika Ushetu, akashuka, akakaa chini kwenye kiwanja kitupu akasema nyumba ya baba haiingii mpaka aone kihenge kipya kimesimama. Baba akadhani ni mzaha. Tukalala chini ya mkokoteni, maksai wanatupumulia usoni, baba anajenga ukuta na mama anautazama tu. Mwishowe mzee wa watu akakata fito, akasuka kihenge pale pale kwenye uwanda, kikubwa kupindukia kwa hasira zake, kisha akajenga nyumba kukizunguka. Ndiyo, umesikia vizuri. Nyumba ilijengwa nje ya kihenge. Mlango ukawa mlango wa kawaida wa mtu kuinama, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza siku kikitaka kutoka itakuwaje.

Siku hiyo ikaniangukia mimi.

Baba alifariki, mama akabaki peke yake Ushetu na kuku wake. Muda si mrefu kabla ya mvua kuanza akateleza kisimani. Nyonga ikamgoma, akalala pale chini, jua linamwakia, mpaka wachunga ng'ombe walipopita wakamwona. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye foleni ya karasha. Nililia kwenye usukani, malori ya nyuma yakanipigia honi, nikawatukana wote kwa jumla. Niliogopa kweli. Mvua zikianza, njia ya kwenda kwake inageuka matope meusi, hata gari la wagonjwa halifiki. Safari ijayo angeanguka na asipite mtu.

Akaishi wapi sasa? Kaka sina. Dada zangu wana waume, na kwa mila zetu mama haishi nyumba moja na mkwewe. Hata njiani wakikutana mmoja anaingia porini. Nilibaki mimi. Mume nilikuwa naye zamani, tukaachana. Ndiyo shehena pekee niliyowahi kuishusha kabla ya kufika. Nyumba yangu ya Buseresere haina mkwe. Ina vigae, ina sebule, na sebuleni kuna dirisha la aluminiamu la ukuta karibu mzima, nililolinunua Mwanza na kulibeba mwenyewe nikiwa naendesha kwa mwendo wa jongoo lisipasuke. Watu walikuwa wanakuja kulitazama. Nilikuwa naliosha mwenyewe, sikumruhusu mtu.

Nikaenda Ushetu na tipa tupu na utingo wangu. Utingo wangu si kijana, usimfikirie hivyo. Ni mzee mwenye mvi na tumbo, amekaa kwenye malori maisha yake yote, kazi yake kubwa ni kulalamika. Mama alitupokea ameegemea fimbo.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kamba?"

"Kamba za nini? Nimekuja kukuchukua wewe."

"Na kihenge," akasema.

Nikamweleza. Kihenge kimekuwa kitupu tangu baba afe. Buseresere unga unanunuliwa dukani. Mlango mdogo. Kitapasuka. Nikasema maneno mengi na kwa sauti kubwa, maana mimi nikikasirika majirani wa mbali wanapata habari. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akichechemea na jembe, akasimama mbele ya ukuta uliojengwa na mumewe, akaupiga.

"Mayu!"

Akaupiga tena. Tofali la udongo likadondoka, na mwanga ukaingia mle ndani ukakiangukia kile kihenge. Nilikuwa sijawahi kukiona kwenye mwanga. Alama za vidole vya baba zilikuwa bado kwenye udongo, nyingi, zinaonyesha alivyokuwa anakandika kwa haraka na hasira. Nikamnyang'anya mama jembe. Nilimwambia akae, nitabomoa mimi.

Majirani wakaja, kama ilivyo kawaida ya kule: ukibomoa unapata watu wengi kuliko ukijenga. Wakapitisha miti chini ya kihenge, wakaimba, wakakiinua. Utingo alisimama kando akitoa amri, kulia, kushoto, polepole, na hakuna aliyemsikiliza. Kikatoka. Kilipokaa juu ya tipa, kirefu kupita kichwa cha gari, tumbo nje, watoto walipiga makofi. Mama akapewa mkono wa kwaheri na wanawake wenzake wote. Alilia, na wao walilia, na mimi nilijidai natazama tairi.

Nyuma yetu nyumba ilibaki na shimo ambalo ng'ombe angepita bila kuinama. Nililitazama kwenye kioo cha pembeni mpaka tukakata kona.

Tukaipita Kahama. Nilikuwa nimenuna. Naendesha tipa lenye kihenge, kila mtu barabarani ananyoosha kidole, madereva wenzangu wanaonijua wanapunguza mwendo ili wacheke vizuri. Mmoja akapiga kelele dirishani, "Bosi, umehamia kwenye kilimo?" Nikamjibu jambo ambalo mama alijifanya hakulisikia.

Kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao wakatusimamisha. Mkaguzi, kijana msafi mwenye kalamu sikioni, akatembea kulizunguka gari. Akauliza tunatoka wapi, nikamwambia Ushetu, na Ushetu ni tumbaku. Nikaona kabisa anavyofikiri: magendo.

"Mle kuna nini?"

"Hamna kitu."

"Yaani mmesafirisha kihenge kitupu kutoka Ushetu?"

"Muulize mwenye mali," nikasema, nikaonyesha mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Panda tu uangalie. Lakini usiingize mkono."

Ukimwambia mkaguzi asiingize mkono unakuwa umemwita. Akapanda, akajiinua mpaka ukingoni, akaingiza mkono wote hadi begani. Tukasikia ukelele. Si wake tu, ulikuwa wa viumbe wawili. Gashinaga, yaani kumbe, mama alikuwa amening'iniza mle ndani, karibu na ukingo, tenga la kuku wake anayeatamia, na mayai yake, na majani yake, bila kutuambia. Kijana akashuka ananyonya kidole. Kuku mmoja si mazao, na hakuwa na la kutuandikia. Akatufungulia.

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka nikashindwa kubadilisha gia, utingo naye anacheka tumbo linamruka, na mama ananyoosha kanga yake kwa heshima zake zote. Hasira ikanitoka kidogo. Nikamuuliza, kwa upole safari hii, "Mayu, kwa nini lakini? Nikikununulia pipa la plastiki zuri, haliliwi na mchwa, si basi?"

Akalipakata begi lake vizuri. Kisha akasema, "Nikija na begi, nimekuja kukusalimia. Utanipa chai, utanipa kitanda, nitakushukuru. Kesho yake nitakushukuru tena. Nitashukuru mpaka nife. Mimi nimechoka kushukuru kabla sijaanza. Nataka nikija niwe nimehamia."

Nikamwambia kwangu ni kwake. Nilisema kwa moyo, na nilijisikia nimesema jambo kubwa. Mama akaitikia tu "Ee," kama unavyomwitikia mtu anayekuambia mvua itanyesha.

Tukaingia Buseresere jua limeanza kulegea. Nikasimamisha tipa mbele ya nyumba yangu, nikazima, na katika ule ukimya nikautazama mlango wangu. Mlango wa chuma, wenye nondo za maua, wa saizi ya mtu. Nikalitazama tumbo la kihenge. Mimi, binti wa bingwa wa mizigo, mjukuu wa mzee wa ngozi, dereva wa tipa anayepimia mawe kwa macho tu, sikuwa nimepima.

Utingo naye akaona. "Bosi," akasema, "tukimwage?"

Tipa halijui kushusha, linajua kumwaga. Nikamwambia akithubutu kugusa kile kifungulio nitammwaga yeye. Nikaita wachimbaji waliokuwa wanakunywa chai kibandani, wametoka duarani na vumbi lao, na hao mwamba wamezoea kuusumbua, kihenge hakikuwatisha. Wakakishusha taratibu, wakakiweka uani. Nikawaambia wabeja, asanteni sana. Nikageuka nikamfungulia mama mlango wa gari.

Hakushuka.

"Mayu, tumefika."

"Naona. Kihenge kitakaa wapi?"

"Kwa leo hapo nje, nitakifunika turubai. Kesho nitaleta fundi, atakijengea kibanda kizuri."

Mama akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Baba yako naye alisema kesho," akasema. "Nirudishe, mwanangu."

"Nikurudishe wapi? Nyumba ina shimo! Mvua hizo hapo! Utalala na fisi?"

"Nitaziba kwa turubai. Si umesema unalo?"

Nikapandwa na mori. Nikapiga kelele, jamani, nilipiga kelele pale uani mbele ya wachimbaji na wapita njia. Nikasema nimeendesha siku nzima, nimechekwa barabara nzima, nimebomoa nyumba ya marehemu, nimetafuta maisha kwa jasho langu nikajenga nyumba yenye vigae, na mtu mmoja tu duniani niliyemtaka aione amekaa kwenye gari anataka kurudi kulala na fisi kwa ajili ya kapu. Nikasema kapu. Kisha nikaanza kulia, kwa sababu nilimwona pale kwenye kiti, miguu haifiki chini, begi lake dogo limewekwa magotini na mikono yote miwili imelishika. Alikaa vile vile anavyokaa mgeni kituoni. Nikajua akiingia na lile begi, atakaa hivyo hivyo sebuleni kwangu mpaka mwisho.

Mchimbaji mmoja alikuwa na sururu. Nikaichukua mkononi mwake bila kuomba.

Mlango usingefaa, juu yake kuna lenta ya zege, na pembeni chumba cha bafu. Sehemu moja tu ya nyumba ile ilikuwa pana ya kutosha, na niliijua vizuri kwa sababu niliilipia na kuiosha mwenyewe.

"Bosi," utingo akasema, "dirisha!"

"Nalijua dirisha langu, mzee. Shika upande wa pili."

Tukalitoa lile dirisha kwa adabu kadiri tulivyoweza, na bado likapasuka pembeni. Lile nililolitoa Mwanza kwa mwendo wa jongoo. Kisha nikaupiga ukuta chini yake. Tofali za kuchoma si kama za udongo, zinarudisha mkono, na nilipiga huku natukana fundi aliyeweka saruji ya kutosha. Wachimbaji walitaka kunipokea, nikakataa mwanzoni, baadaye nikakubali kwa sababu mikono ilikuwa imekufa. Makochi yakasukumwa. Televisheni ikapelekwa chumbani. Watu walikuwa wamejaa barabarani, na nikasikia mmoja anamweleza mwenzake kwamba yule mama dereva hatimaye amerukwa na akili, alikuwa anamwona tu.

Kihenge kikaingia. Kilikwaruza ukuta upande mmoja na udongo kidogo ukamomonyoka, lakini kikaingia kizima, kikasimama katikati ya sebule juu ya vigae, na kuku ndani yake akalalamika.

Ndipo mama aliposhuka. Hakutaka kushikwa. Akachechemea na fimbo yake, akavuka lile shimo, akapita juu ya vifusi. Akakizunguka kihenge chote akikipapasa. Akalishusha tenga la kuku na mayai yake, akaliweka kwenye kona nyuma ya kochi, hakuniuliza. Kisha akafungua fundo la kanga, mle alimokuwa na punje za mtama za shamba lake, akanyanyua mkono, akazimwaga ndani. Nilizisikia zikianguka chini kabisa.

Utingo akavua kofia, sijui kwa nini, nadhani hata yeye hajui.

Mimi nilikuwa nimesimama nje, sururu mkononi, vumbi la nyumba yangu mwenyewe kichwani. Nilitaka kuingia, ni sebule yangu, ankara ya umeme inakuja kwa jina langu. Lakini miguu haikwenda. Nikajikuta nimesema, kwa sauti ndogo ambayo si yangu kabisa:

"Hodi."

Mama akageuka. Begi lilikuwa chini, amelisahau pale kwenye vifusi. Uso wake ulikuwa ule niliokuwa nauona Ushetu zamani, nikitoka shule na njaa yangu.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu ndani. Utakuwa umechoka na safari, pita ukae."

Nikaweka sururu chini, nikavua viatu, nikapita.